Kompyuta ya Bi Mwatumu

Fuad alipenda kuitwa fundi. Kazini kwake Arlington, huko Marekani, katika ofisi kubwa ambayo milango yake hufunguka kwa kadi, hakuna aliyemwita hivyo. Huko alikuwa yule kijana wa ghorofa ya chini anayepigiwa simu printa ikigoma. Lakini akishavuka mto Jumamosi, akaingia Oxon Hill kwa watu wa kwao, wa Mombasa na Malindi na Unguja, alikuwa Fundi Fuad, na hakukosekana nyumba yenye simu iliyojaa au televisheni iliyopoteza chaneli ikimsubiri, pamoja na mahamri ya moto. Walimsifu sana, na kichwa kikamvimba bila yeye kuwa na habari.

Katika watu hao, aliyeheshimiwa kuliko wengi ni Bi Mwatumu, mjane mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, mama wa umri wa kuitwa bibi na watoto wa Fuad. Kazi yake ilikuwa kupiga picha na video katika harusi za wanawake. Na hapa lazima nieleze, maana wapo wasiojua. Siku ya kupamba, bibi harusi hukalishwa kwenye kiti kilichorembwa, nywele zake nje, mikono na miguu imejaa hina, na ukumbini hamna mwanamume hata wa kubeba viti. Wanawake huvua mabuibui mlangoni, simu zao wakazitia kapuni, wakaingia ndani kucheza watakavyo bila kumwogopa mtu. Ukumbi mzima huwa na kamera moja tu, na kamera hiyo, kuanzia Oxon Hill mpaka Fairfax, ilikuwa ya Bi Mwatumu. Wanawake walimwachia nyuso zao na nywele zao kwa sababu walimjua.

Picha zote alizihifadhi katika kompyuta moja ya mezani, kongwe, iliyokaa chumbani kwake chini ya kitambaa cha kufuma. Haikupata kuunganishwa na intaneti. Haikufunguka bila paswedi, na paswedi aliijua yeye peke yake. Harusi ikiisha, bibi harusi alikabidhiwa nakala yake mkononi, na mambo yakaishia hapo. Humo ndani mlikuwa na maharusi wa miaka na miaka, wengine sasa mama wa watoto wakubwa, na mmoja au wawili walioshatangulia mbele ya haki.

Taabu ilianza aliponunua kamera mpya. Alikuwa ametoka kurekodi harusi ya Ummu, binti wa Mzee Shamte, na video zile za kamera mpya kompyuta ikakataa katakata kuzisoma. Ilitakiwa programu mpya, na programu mpya ilitaka mfumo mpya, na mfumo mpya ulisema mashine hii imezeeka, haiwezekani. Mtu mwingine angenunua nyingine. Bi Mwatumu alisema hii imemzoea naye ameizoea, akamwita Fuad.

Fuad angeweza kusema haiwezekani. Lingekuwa neno moja tu, na la kweli. Lakini alikuwa na sahani ya mahamri mbele yake na mama wa watu akimtazama kwa imani, basi akajibu kwamba mashine hazizeeki, ni waliozitengeneza tu wanaotaka watu wanunue nyingine kila mara.

Njia kweli ilikuwapo. Kompyuta kama ile ina ulinzi wake wa ndani, mithili ya bawabu asiyeruhusu mtu yeyote, hata mwenye nyumba, kugusa viungo vyake vya uhai. Ukimwondoa bawabu kwanza, unaweza kuupenyeza mfumo mpya mahali usipotakiwa. Kisha unamrudisha bawabu kazini, ukiweza. Fuad alimweleza habari hiyo Dakarai, mwenzake wa kazini, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni akakisema kama msomaji wa taarifa ya habari.

Dakarai alisikiliza mpaka mwisho. "Ukimaliza, rudisha ulinzi," akasema. "Kisha fungua programu moja baada ya nyingine, utazame kila moja inafanya nini."

Fuad akacheka, akamwambia, "Bro, hizo ni za beginners."

Jumamosi alikaa mbele ya kompyuta ya Bi Mwatumu, mlango wa chumba umeachwa wazi kabisa kama adabu inavyotaka, na mwenyewe Bi Mwatumu yuko sebuleni akichambua mchele. Alikuwa amekwisha kuingia mara moja, akaandika paswedi huku Fuad akitazama ukutani, akamwambia jambo moja tu kabla ya kutoka. "Mwanangu, humu mna wake za watu na mabinti za watu. Usifungue picha." Fuad alimwapia kwamba hatafungua, na kiapo hicho alikitoa kwa moyo safi.

Akaondoa ulinzi. Akaondoa na kufuli ya diski, maana nayo ilikuwa inamzuia. Mfumo mpya ukaingia polepole, kompyuta ikapiga kelele za feni kama mtu mwenye pumu, halafu ikawaka, nzuri, kioo chake kimebadilika rangi. Fuad alifurahi peke yake mle chumbani mpaka akapiga kofi. Lakini alipojaribu kuurudisha ulinzi, kioo kikabaki cheusi. Akajaribu tena, kikabaki cheusi vile vile. Akauondoa ulinzi kwa mara nyingine, na mashine ikaamka bila kinyongo, akajiambia kwamba atarudi siku nyingine kuumaliza mchezo huo.

Ikaja kero nyingine. Kila programu iliyotaka kugusa kitu ilipiga kengele na kuuliza, waniruhusu? Na kila kengele ilipolia, Bi Mwatumu aliuliza kutoka sebuleni kama kuna neno. Fuad aliona aibu ya fundi anayebabaika, akayanyamazisha maswali yote kwa pamoja. Tangu hapo kompyuta haikumuuliza mtu kitu. Programu ya video nayo ilitaka intaneti, akaiunganisha kompyuta na ile ya nyumbani mle, kisha ikataka akaunti, na Bi Mwatumu hakuwa nayo. Kumfungulia kulihitaji kumuuliza mwaka wake wa kuzaliwa, na Fuad hakuona vipi amuulize mtu mzima umri wake kwa sababu ya mashine. Akatia akaunti yake mwenyewe, ile ile ya simu yake na ya televisheni ya nyumbani kwake Fairfax. Kwa muda tu, alijiambia.

Ndipo programu ya picha ilipojifungua yenyewe.

Ilitokea pembeni mwa kioo, na vijipicha vikaanza kujipanga safu kwa safu. Fuad aliona rangi ya hina na kitambaa chekundu, akageuza uso haraka akaangalia kalenda ya ukutani, na huku akiangalia kalenda akapapasa kipanya mpaka dirisha lile likafungika. Alijiona amefanya jambo kubwa, maana vijana wangapi wangepata nafasi ile wakainamisha macho? Lau angetazama mara moja tu chini ya picha zile, angesoma mstari mdogo unaosema kwamba zinapelekwa katika akaunti ya Fuad, zote, moja baada ya nyingine. Programu ile ingepaswa kuomba ruhusa kwanza, lakini mwenye kuuliza maswali alikuwa amezibwa mdomo.

Bi Mwatumu alikuja akasimama mlangoni, akatazama kioo kipya kwa furaha. "Na ushakirudisha kila kitu kama kilivyokuwa?" akauliza.

"Kila kitu, Bi Mwatumu," akasema Fuad.

Alimwombea dua ndefu, akamfungia na bakuli la kaimati za watoto.

Wiki ile haikuisha vizuri. Jumapili Fuad na mkewe Fatma walikuwa na wageni wa chakula cha mchana. Wanawake walikaa ghorofa ya juu na wanaume sebuleni, Mzee Shamte akiwa mgeni wa heshima kwenye kochi la katikati, na Dakarai akiwa mgeni wa biriani. Walikula mpaka wakalegea. Mpira uliokuwa kwenye televisheni uliisha, hakuna aliyejali, mazungumzo yakaendelea. Televisheni ile ikikaa bila kazi huonyesha picha za akaunti ya mwenyewe, na Fuad aliipenda tabia hiyo kwa sababu wageni huwaona wanawe wakiwa kwenye bembea na kuwasifu.

Kweli akatokea mwanawe kwenye bembea. Mtu mmoja akasema mashaallah. Halafu ikatokea mikono miwili yenye hina. Halafu akatokea Ummu, bibi harusi, kichwa wazi, mabega wazi, anacheka, mkubwa kama ukuta. Kabla watu hawajaelewa wanatazama nini, akatokea mama yake, mke wa Mzee Shamte, leso imefungwa kiunoni, anacheza na mikono iko juu.

Fuad alitafuta rimoti, hakuiona. Akaruka juu ya sinia, akasimama mbele ya televisheni na kutandaza mikono, lakini kioo kilikuwa kipana kuliko yeye, na nyuma ya mabega yake picha ziliendelea kubadilika. Ilibidi apige magoti apapase nyuma ya kabati mpaka akaung'oa waya. Alipoinuka, wanaume wote walikuwa wanatazama zulia. Mzee Shamte alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake.

Fuad alitamani ardhi ipasuke immeze na televisheni yake. Alikuwa ameshaelewa. Palepale alipokuwa amepiga magoti, waya mkononi, alielewa kila kitu, tangu bawabu mpaka akaunti mpaka kalenda ya ukutani.

"Hizi ni za Bi Mwatumu," akasema Mzee Shamte hatimaye, kofia bado usoni. "Mke wangu alimwamini yule mama. Zimefikaje huku?"

Hapo ndipo mahali pa kusema, na Fuad alipajua. Sebule nzima ilimngoja yeye, maana yeye ndiye fundi.

"Sijui, Mzee Shamte," akasema. "Labda amebonyeza kitu. Watu wazima na mashine, si unajua tena."

Walitikisa vichwa, wakakubali, kwa kuwa ilikuwa rahisi kukubali. Dakarai hakutikisa chake. Alimtazama Fuad, kisha akainuka taratibu akaenda kunawa mikono, na hakurudi kuketi.

Wageni walipoondoka, Fuad alimwendea Fatma akiwa na simu mkononi. Ilibidi zifutwe katika akaunti, na yeye hawezi kuzifuta bila kuzitazama, kwa hiyo akamwomba mkewe afanye kazi hiyo. Fatma aliketi kitandani akafuta, moja moja. Nyingine zilikuwa zake mwenyewe, maana naye alikuwapo siku ya Ummu. Fuad alisimama mlangoni akimtazama mgongo tu. Fatma alipomaliza, alimrudishia simu bila kugeuka.

"Akaunti ni yako, Fuad," akasema.

Hakuongeza lingine, siku ile wala zilizofuata. Chakula alipika, akakitenga, akaenda kula na watoto.

Maneno yakatembea. Mke wa Mzee Shamte alilia mpaka akaugua. Wanawake waliokuwa wakimwita Bi Mwatumu dada wakawa hawapokei simu yake. Harusi iliyokuwa inakuja walisema haitapigwa picha kabisa, na kila aliyewahi kupambwa mbele ya kamera ile sasa alilala akijiuliza nywele zake ziko kwenye ukuta wa nani. Fuad aliyasikia yote. Kila alipoyasikia alijipangia siku ya kwenda kusema ukweli, na siku ilipofika akapata shughuli. Kazini alipita njia ya nyuma ili asikutane na Dakarai. Alijidharau, na kujidharau hakukumsaidia kitu, kwa sababu bado hakuenda.

Mwishowe aliitwa yeye. Bi Mwatumu alimpigia simu, kwa sauti ile ile ya upole, akamwomba aje Oxon Hill kama ana nafasi.

Alimkuta amekonda. Mahamri yalikuwapo mezani, na Fuad hakuyagusa. Bi Mwatumu alimpeleka chumbani, akaacha mlango wazi kama siku zote, akafunua kitambaa cha kufuma. Safari hii hakutoka. Aliketi pembeni kwenye kitanda, mikono pajani.

"Nataka unifutie zote," akasema. "Tangu ya kwanza. Mimi sijui nifutavyo, naogopa n'tabonyeza kitu tena nizidi kuharibu. N'shawaambia wote, n'shawaomba radhi nyumba kwa nyumba. Nawe nakuomba radhi, mwanangu, kwa mkeo. Ndiyo hivyo, watu wazima na mashine."

Yalikuwa maneno ya Fuad mwenyewe ya siku ile sebuleni, yamefika mpaka huku. Fuad aliyasikia yakitoka katika kinywa cha mama yule kama kitu anachokiamini. Mbele yake kompyuta ilikuwa wazi, haina kufuli, haiulizi swali. Angebonyeza mahali pawili tu na maharusi wote wangetoweka, na ushahidi wa alichokifanya ungetoweka pamoja nao. Bi Mwatumu angekufa akidhani ni yeye. Kidole kilikuwa juu ya kipanya, na mimi sitamsifu kwamba kiliondoka haraka. Kilikaa pale.

"Si wewe," akasema.

Bi Mwatumu hakumsikia vizuri, akamwuliza anasemaje.

"Hukubonyeza kitu, Bi Mwatumu. Ni mimi." Akamweleza, macho yake kwenye kalenda ile ile ya ukutani. Akamweleza bawabu aliyemwondoa akashindwa kumrudisha, na onyo la rafiki yake wa kazini alilolicheka, na maswali aliyoyanyamazisha, na akaunti yake aliyoitia kwa kuona haya kuuliza umri. Akamweleza na lile la sebuleni, kwamba aliyesema ni yeye.

Bi Mwatumu alikitazama kioo cha kompyuta. "Picha zilipokuwa zenda," akauliza, "wewe ulikuwa hapo kitini?"

"Nilikuwapo. Programu ilijifungua. Lakini wallahi sikuzitizama, Bi Mwatumu. Niligeuza uso."

"Ungetizama," akasema.

Fuad akauondoa mkono wake kwenye kipanya.

"Ungetizama mwanangu, ukaona ni nini, ukazuia, ukaja ukanambia nimeona picha mbili za mabinti za watu. Ningekufokea, na kesho yake ningekusamehe. Uliyainamisha macho kwa ajili yako, upate kujiona mwema. Sisi hukutukumbuka." Alisema polepole, bila kupandisha sauti, na alipomaliza alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na hilo nalo ningelisamehe. Lakini ulinisikia nasemwa, ukanyamaza."

Alinyanyuka akaifunika kompyuta, picha zikiwa ndani vile vile. Akamwambia kwamba hatafuta kitu kwa kosa lisilo lake, na kwamba ataitafuta njia ya kuirudisha mashine kwenye mfumo wake wa zamani, na bawabu wake, na kufuli yake, hata kama itabidi kamera mpya iuzwe. Fuad akasema atamfanyia hayo leo leo. Bi Mwatumu akatikisa kichwa. Alimtaka amtafute yule rafiki yake wa kazini, au mtu mwingine yeyote. Kwake Fuad alitaka jambo moja tu. Yeye Bi Mwatumu alikuwa amesemwa mbele za watu, basi Fuad naye aende akaseme mbele za watu, kwa wanawake wenyewe, si kwa waume zao.

Watu wa pwani wa eneo lile husali Ijumaa katika ukumbi wa chini wa jengo moja la maduka. Wanawake wana chumba chao nyuma ya ukuta, na humfuata imamu kwa televisheni kubwa iliyounganishwa na kamera ndogo mbele ya mimbari. Kamera ile aliifunga Fuad, enzi za sifa, na alijua vizuri inavyoonyesha. Alikuwa ameivuta karibu ili wazee wenye macho mabovu wamwone msemaji bila taabu. Kwa hiyo alipoitwa mbele baada ya sala, akasimama mahali pale, alijua kwamba upande wa pili sura yake imejaa ukuta, vinyweleo na jasho na vyote, na kwamba kila mwanamke aliyedhulumiwa naye anamtazama, na yeye hamwoni hata mmoja.

Alijikaza kisabuni. Alisema jina lake kana kwamba hawamjui. Alisema kwamba picha hazikutolewa na Bi Mwatumu wala Bi Mwatumu hakubonyeza kitu. Akasema aliondoa ulinzi wa kompyuta yake akashindwa kuurudisha, akamwambia ameurudisha, na picha zilipotoka akamsingizia. Kwenye safu za wanaume Mzee Shamte alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Dakarai alikuwa karibu na mlango. Fuad alizungumza na zulia, kama alivyozoea kila aliposhikwa na haya, na sauti yake ilizidi kushuka mpaka maikrofoni ikawa inaokota pumzi tu.

Ukuta ukagongwa kutoka upande wa pili, mara moja, kwa nguvu.

"Inua macho, Fuad," ikasema sauti ya Bi Mwatumu nyuma ya ukuta. "Tunakutizama."

Fuad akainua macho, akatazama kamera, akaanza tena tangu mwanzo.